Mwongozo kamili: Kufuatilia safari ya kazi ya sanaa ndani ya nyaraka za mfanyabiashara wa sanaa

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wanafunzi, waandishi wa habari na wafanyakazi wa makumbusho yanafanana sana. Mtu amefungua tovuti ya hifadhi kubwa ya nyaraka, ameandika jina la msanii kwenye kisanduku cha kutafutia, amepata majibu mengi yasiyohusiana au hakupata hata moja, kisha amekata tamaa. "Nyaraka zao hazina kitu," anasema. Zina. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia.

Mfanyabiashara wa sanaa hakuweka karatasi zake kwa ajili ya mtafiti. Aliziweka ili ajue mali ipi iko stoo, imemgharimu kiasi gani, nani anamdai na yeye anamdai nani. Kwa hiyo kila kitu kilichopita mikononi mwake kilipewa namba, na namba hiyo ikaandikwa kwenye daftari, kwenye lebo, nyuma ya picha na mara nyingi hata kwenye ankara. Jina la mchoro lingeweza kubadilishwa ili uuzike. Jina la msanii lingeweza kubadilika mtaalamu mpya akitoa maoni mapya. Jina la mwenye mali lingeweza kufichwa. Namba ilibaki. Fuata namba kwanza, jina baadaye.

Kwa mazoezi nitatumia zaidi nyaraka za M. Knoedler & Co., kampuni ya New York iliyofanya biashara ya sanaa tangu 1846 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2011. Nyaraka zake zilinunuliwa na Getty Research Institute ya Los Angeles mwaka 2012, na madaftari yake ya mali yanasomeka bure mtandaoni. Ukishaweza kuyasoma haya, ya kampuni nyingine hayatakusumbua.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Picha za kazi yenyewe: mbele, nyuma, fremu, na kama ni sanamu, chini kwenye kitako. Picha ya nyuma ina thamani kuliko ya mbele.
- Vipimo kwa sentimita na kwa inchi pia. Madaftari mengi ya Marekani na Uingereza yanatumia inchi.
- Kompyuta. Simu inafaa kuanzia, lakini ukurasa wa daftari lenye safu kumi na zaidi hausomeki vizuri kwenye kioo kidogo.
- Lahajedwali yenye safu hizi: tarehe, nani alitoa, nani alipokea, namba ya mali, bei, sanduku na jalada, na safu ya mwisho ya "nimeona kwa macho yangu au nimesoma kwa mwingine?"
- Kalamu ya risasi na daftari, ukipata nafasi ya kwenda mwenyewe. Wino hauruhusiwi kwenye vyumba vya kusomea nyaraka.
- Mtu wa kukusaidia Kifaransa au Kijerumani kama kazi imepitia Ulaya bara. Mashine ya kutafsiri inasaidia maandishi ya chapa, lakini mwandiko wa karani wa mwaka 1890 huishinda mara nyingi.

Safu ile ya mwisho ya lahajedwali usiidharau. Makosa mengi ya mlolongo wa umiliki huzaliwa pale mtu anaponakili kauli ya katalogi ya mnada na kuiweka sawa na kauli ya daftari.

## Hatua ya 1: Soma mgongo wa kazi

Geuza mchoro. Nyuma ya turubai na fremu utakuta lebo za karatasi, mihuri ya forodha, namba za chaki, namba za kalamu ya risasi, pengine nambari za mnada zilizopigwa kwa stensili. Piga picha kila alama, hata ile usiyoielewa. Mwanga uje kutoka ubavuni, kwa sababu mwandiko uliofifia huonekana kwa kivuli chake.

Lebo ya Knoedler kwa kawaida ina jina la kampuni, jina la msanii na namba. Namba hiyo inaweza kuwa tarakimu tupu, inaweza kuanza na herufi A, au inaweza kuanza na CA. Tofauti ni kubwa. CA inaonyesha kazi iliyowekwa dukani kwa kamisheni: kampuni haikuwa mwenye mali, ilikuwa dalali tu. Ukiandika "ilimilikiwa na Knoedler" kwa kazi yenye namba ya CA, umeongeza mmiliki ambaye hakuwepo.

Huna kazi yenyewe mkononi? Makumbusho mengi makubwa huweka mlolongo wa umiliki kwenye ukurasa wa kila kazi, na baadhi huandika namba ya mali ya dalali ndani ya mabano au tanbihi. Kama hawakuiandika, waandikie uwaombe picha ya nyuma.

Tahadhari: usibandue lebo, usiilowanishe, usiisugue. Lebo iliyobanduka ikibandikwa kwenye fremu nyingine ni ushahidi wa uongo, na hakuna atakayejua kwamba ulianza kwako.

Umefaulu ukiwa na angalau namba moja na jina moja la kampuni. Namba bila kampuni haina kazi, kwa kuwa kila duka lilikuwa na hesabu yake.

## Hatua ya 2: Tafuta nyaraka zilipo sasa

Duka hufa na karatasi zikahama. Usitafute mji lilipokuwa duka. Tafuta nani alirithi, nani alinunua, nani alipewa. Za kuanzia nazo ni hizi:

Getty Research Institute ina Knoedler, ina Duveen Brothers, na ina madaftari 15 ya Goupil & Cie ya Paris ya mwaka 1846 hadi 1919. Archives of American Art, iliyo chini ya Smithsonian mjini Washington, ina nyaraka za Leo Castelli, zilizotolewa na familia mwaka 2007, na za Jacques Seligmann & Co. ambazo zimewekwa mtandaoni. Nyaraka za Paul Rosenberg, aliyekuwa muuzaji wa Picasso, ziko Museum of Modern Art, New York.

Na kama nyaraka za dalali wako zimepotea kabisa? Kumbuka kwamba kila barua iliyotumwa ilipokelewa mahali. Barua ya dalali iko kwenye faili la mnunuzi. Makumbusho yaliyonunua, benki iliyolipa, wakala wa meli aliyesafirisha, wote wana nusu ya mazungumzo. Kwa vitu vya Afrika hii mara nyingi ndiyo njia pekee, maana wauzaji wengi wa vitu vyetu walikuwa watu wadogo ambao karatasi zao hakuna aliyeona haja ya kuzihifadhi, ilhali makumbusho yaliyonunua kwao yaliweka kila ankara.

## Hatua ya 3: Soma mwongozo wa mkusanyo, wote, kabla ya kutafuta chochote

Hapa ndipo wengi wanaruka. Kila mkusanyo mkubwa una mwongozo ulioandikwa na watunza nyaraka, unaoeleza mafungu yake na kilichomo katika kila sanduku. Usome tangu mwanzo, hasa sehemu inayoeleza jinsi karatasi zilivyopangwa na zipi zimefungwa kwa wasomaji.

Sababu ni hii. Watunza nyaraka hawapangi upya karatasi kwa mada. Wanahifadhi mpangilio alioutumia mwenyewe. Kama Castelli au Seligmann aliweka barua kwa jina la mteja, bado ziko kwa jina la mteja. Barua inayomhusu msanii unayemtafuta inaweza kuwa ndani ya jalada la tajiri wa Chicago ambaye jina lake hulijui. Kisanduku cha kutafutia hakisomi kilichomo ndani ya barua za mwandiko. Kinasoma maelezo ya mwongozo tu. Ndiyo maana jina la msanii linaleta sufuri.

Kwa kawaida utakutana na mafungu haya: madaftari ya mali, madaftari ya mauzo, madaftari ya kamisheni, barua, picha, katalogi za maonyesho, hesabu za fedha, na karatasi binafsi. Andika pembeni namba za masanduku ya madaftari, ya barua, na ya karatasi binafsi. Utazihitaji kwa mpangilio huo.

Umefaulu ukiweza kumweleza mwenzako, bila kutazama skrini, dalali huyu alipanga barua zake kwa jina, kwa mwaka au kwa mji.

## Hatua ya 4: Ingia kwenye daftari la mali

Madaftari ya mali ya michoro ya Knoedler ni 11, na yanaanzia miaka ya 1870 hadi 1970 hivi. Getty wameyapiga picha na kuyanakili kwenye hifadhidata yao ya umiliki, hivyo hapa unaweza kuandika namba yako na kupata mstari wake. Pata mstari, kisha fungua picha ya ukurasa halisi. Usiridhike na nakala iliyopigwa chapa. Aliyenakili ni binadamu, na daftari lina alama ambazo hazikuingia: mstari uliokatwa, wino wa rangi nyingine, jina lililofutwa na kuandikwa juu yake.

Soma mstari kutoka kushoto hadi kulia, ukivuka hadi ukurasa wa pili. Utakuta tarehe ya kuingia, namba, msanii, jina la kazi, vipimo, aliyeiuza, gharama, kisha aliyeinunua, tarehe na bei ya kuuzia. Linganisha vipimo na vyako. Vikitofautiana kidogo, huenda walipima na fremu. Vikitofautiana sana, umekamata mchoro mwingine wenye jina lile lile. "Mandhari" na "Picha ya Bibi" ziko nyingi kupita kiasi.

Kisha fanya jambo ambalo wanaoanza hawalifanyi: soma mistari mitano ya juu na mitano ya chini. Kazi zilizonunuliwa kwa pamoja huandikwa kwa kufuatana. Jirani zake wakiwa wote wametoka kwa mtu mmoja, siku moja, unajua kwamba ulikuwa ununuzi wa mkupuo, pengine mirathi, pengine mtu aliyefilisika, pengine mtu aliyekuwa anakimbia nchi. Hilo hutaliona kwenye majibu ya utafutaji, kwa sababu utafutaji huleta mstari mmoja ukiwa peke yake.

Tahadhari: kazi iliyouzwa na baadaye ikanunuliwa tena na duka lile lile hupewa namba mpya. Ukikuta lebo mbili za kampuni moja zenye namba tofauti, usidhani moja ni ya bandia. Huenda mchoro ulirudi baada ya miaka thelathini.

## Hatua ya 5: Fungua bei za siri

Kwenye safu ya gharama mara nyingi hutakuta tarakimu bali herufi. Muuzaji hakutaka mteja aliyesimama karibu na daftari ajue duka lilinunua kwa bei gani.

Mbinu ya kawaida ni neno au maneno yenye herufi kumi zisizojirudia, kila herufi ikisimamia tarakimu moja. Tuchukue mfano wa Kiswahili: KWETU MOSHI. Hesabu herufi zake, ni kumi na hakuna iliyojirudia. K ni 1, W ni 2, E ni 3, T ni 4, U ni 5, M ni 6, O ni 7, S ni 8, H ni 9, I ni 0. Basi KWUI ni 1,250, na ESII ni 3,800. Baadhi ya maduka yaliongeza herufi ya kumi na moja ya kuonyesha kwamba tarakimu iliyotangulia inajirudia.

Kuivunja si kazi ya kubahatisha. Tafuta mistari michache ambayo gharama yake unaijua kwa njia nyingine, kwa mfano ankara ya aliyewauzia, au bei ya mnada iliyochapishwa. Weka herufi na tarakimu pamoja. Mistari mitatu au minne inatosha kukupa herufi nyingi. Zilizobaki zinajaza neno. Kabla ya hapo uliza mtunza nyaraka. Kwa kampuni kubwa, huenda kuna aliyekutangulia kuivunja, na hakuna aibu kupokea ufunguo uliokwisha kuchongwa.

Bei ni muhimu hata kama hujali fedha. Kazi iliyonunuliwa kwa bei ya chini mno ikilinganishwa na jirani zake inakuambia kwamba muuzaji alilazimika, au dalali hakuamini jina la msanii aliloandika.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwa daftari la mauzo, na angalia hisa

Daftari la mali linasema kazi ilitoka. Daftari la mauzo linasema kwa masharti gani. Tafuta tarehe ile ile, jina lile lile, namba ile ile. Vitu vitatu vikikubaliana, umethibitisha.

Kinachowachanganya watu wengi ni umiliki wa pamoja. Wafanyabiashara walizoea kuchangia ununuzi wa kazi ghali, hivyo mchoro mmoja unaonekana kwenye madaftari ya kampuni mbili au tatu kwa namba tofauti, kana kwamba uliuzwa mara tatu.

Mfano mzuri ni mauzo ya makumbusho ya Hermitage. Mwaka 1930 na 1931 serikali ya Kisovieti iliuza michoro 21 kwa Andrew Mellon, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Marekani, kwa zaidi ya dola milioni 6.6. Biashara ilifanyika kimya kimya kupitia kampuni tatu: Matthiesen ya Berlin, Colnaghi ya London na Knoedler ya New York. Mmoja wa michoro hiyo ni Madonna wa Alba wa Raphael, uliogharimu dola 1,166,400. Mtafiti asiyejua habari ya hisa angeandika wamiliki watatu, Berlin, kisha London, kisha New York. Kwa kweli mchoro ulitoka Leningrad (St. Petersburg ya leo) ukaenda kwa Mellon, na watatu hao walikuwa njia tu.

Ukiona sehemu kama ½ au ⅓ karibu na gharama, au jina la kampuni nyingine pembeni, simama. Hiyo ni hisa.

## Hatua ya 7: Sasa fungua barua na karatasi binafsi

Umeshajua tarehe na majina, kwa hiyo sasa sanduku la barua lina maana. Agiza majalada ya miezi sita kabla na miezi sita baada ya tarehe ya daftari, kwa majina mawili: aliyeuza na aliyenunua.

Soma barua za biashara ukijua zimeandikwa kwa nani. Barua kwa mteja inasifu. Barua kwa mshirika, juu ya mchoro ule ule, juma lile lile, inasema ukweli zaidi: umepasuka kona, umepakwa rangi upya, hakuna aliyeutaka London. Ikiwezekana pata zote mbili na uziweke ubavu kwa ubavu. Katika utafiti wa aina hii sijui ushahidi ulio na nguvu kuliko huo.

Simu za maandishi (telegramu) zina majina ya siri. Katika kampuni ya Duveen, mtaalamu wa sanaa ya Italia Bernard Berenson aliitwa "Doris". Jambo hili lina uzito, kwa kuwa Berenson alikuwa na mkataba wa siri na Duveen tangu 1912 na alipata mgawo wa faida kwa michoro aliyoithibitisha. Ukikuta cheti chake kwenye nyaraka za Duveen, andika kwamba cheti kipo, na andika pia kwamba mtoaji alikuwa analipwa na muuzaji. Usilifiche moja ukaacha jingine.

Karatasi binafsi ndizo watu huziacha, wakidhani ni mambo ya nyumbani. Usiziache. Shajara inaonyesha siku ambayo dalali alimtembelea mwenye mchoro, miezi kabla daftari halijaandika kitu. Kitabu cha anwani kinakupa jina kamili la "Bibi B." aliyetajwa kwenye ankara. Barua kwa mke iliyoandikwa kwenye karatasi yenye jina la hoteli ya Geneva inakuambia kwamba hakuwa Paris siku ambayo mkataba unadai ulisainiwa Paris. Kadi ya rambirambi inakuambia nani alifariki na kwa hiyo mirathi ya nani ndiyo iliyokuwa inauzwa.

Kwenye karatasi hizo utakutana pia na ugonjwa, madeni na ugomvi wa ndugu. Chukua kinachohusu safari ya kazi. Mengine yaache yalipo.

Kama huwezi kusafiri, andika barua pepe kuomba nakala. Taja mkusanyo, fungu, sanduku, jalada, tarehe, na majina mawili. Ombi la "kila kitu kuhusu Makonde" litakaa muda mrefu kwenye foleni. Ombi la jalada moja lenye anwani kamili hushughulikiwa haraka zaidi. Ukitaka kupiga simu Los Angeles, kumbuka wako nyuma yetu kwa saa 10 au 11, kutegemea majira yao: kwetu ikiwa saa mbili usiku, kwao ni asubuhi wanafungua ofisi.

## Ukitafuta kitu cha pwani au bara letu

Hatua ni zile zile, lakini maneno ya kutafutia yanabadilika, na hapa ndipo watafiti wetu wanakwama kabisa. Karani wa London au Hamburg hakuandika "kigango", nguzo ya kuchongwa ambayo Mijikenda humkumbukia marehemu. Aliandika nguzo ya kaburi, kwa Kiingereza "grave post" au "memorial post", na mahali akaweka "Mombassa" au "British East Africa". Mijikenda waliitwa "Wanika" au "Nyika". Kwa Tanzania bara jaribu "Deutsch-Ostafrika" kwa miaka ya kabla ya Vita vya Kwanza, na "Tanganyika Territory" baada yake. Jina la aliyechonga karibu kila mara halipo. Kwa hiyo shika bandari, jina la meli, mwaka na vipimo.

Picha ya zamani inaweza kufanya kazi ya daftari zima. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili vya nduguze waliofariki. Muda mfupi baadaye viliibwa. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wataalamu wa masomo ya Afrika nchini Marekani, Udvardy akaona kimojawapo kwenye picha iliyoonyeshwa ukumbini. Kilikuwa Illinois State Museum. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Hampton University, Virginia. Vyote vilirudishwa Kenya. Baadaye Denver Museum of Nature & Science nayo ikarudisha vigango 30.

Tazama kilichothibitisha: picha yenye tarehe, yenye mwenye mali, iliyopigwa kabla ya wizi. Kama ukoo wako au kijiji chako kina picha za namna hiyo, andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi nani yumo, wapi na lini, kisha ipige nakala leo. Ni nyaraka kamili kama zile zilizoko Getty.

## Hatua ya 8: Zijaribu karatasi zenyewe

Karatasi kuwa ndani ya hifadhi haimaanishi ni ya kweli. John Drewe, aliyehukumiwa London mwaka 1999, aliuza michoro ya kughushi iliyochorwa na John Myatt. Ili michoro iaminike, aliingia kwenye hifadhi za Tate na Victoria and Albert Museum kama msomaji wa kawaida, akapachika humo katalogi na picha za bandia. Waliokuja nyuma yake wakaziona, wakaziamini.

Kwa hiyo usikubali waraka mmoja ulio peke yake. Kila kiungo cha mlolongo kiwe na karatasi mbili zilizoandikwa na watu wawili tofauti, zilizohifadhiwa mahali pawili kama inawezekana. Angalia kama karatasi inafanana na jirani zake ndani ya jalada kwa chapa, kwa umri, kwa matundu ya pini.

Na ukimya mkubwa uogope. Knoedler yenyewe, katika miaka yake ya mwisho, iliuza michoro bandia iliyodaiwa kutoka kwa mkusanyaji asiyetajwa jina, bila ankara wala barua hata moja. Mmoja ulikuwa na sahihi ya Jackson Pollock iliyoandikwa "Pollok". Nyaraka zilizoko Getty zinaishia mwaka 1971, kwa hiyo hutakuta sakata hilo humo. Lakini jina kubwa la duka lisikulegeze.

Kwa kazi za Ulaya, weka alama nyekundu kwenye kila pengo kati ya 1933 na 1945. Mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana mjini Washington kanuni za kushughulikia sanaa iliyoporwa na Wanazi, na tangu hapo makumbusho hutarajiwa kueleza miaka hiyo. Kwa vitu vyetu, alama nyekundu iwekwe kwenye miaka yote ya ukoloni, na kwa vigango iendelee hata baada ya uhuru.

## Hatua ya 9: Andika mlolongo

Makumbusho mengi ya Marekani yana utaratibu ambao ni vizuri kuufuata. Wamiliki wanaandikwa kuanzia wa kwanza. Nukta-mkato inamaanisha kazi ilitoka moja kwa moja kwa huyu kwenda kwa yule. Nukta inamaanisha kuna pengo tusilolijua. Dalali anawekwa ndani ya mabano, ili asichanganywe na mmiliki.

Kwa Madonna wa Alba, sehemu ya mwisho inakuwa hivi:

Tsar Nicholas I, kwa ajili ya Hermitage, St. Petersburg, 1836; iliuzwa Aprili 1931 kupitia (Matthiesen, Berlin, Colnaghi, London, Knoedler, New York) kwa Andrew W. Mellon; wakfu wa Mellon, Pittsburgh, 1931; National Gallery of Art, Washington, 1937.

Alama moja ya uandishi hapo inabeba madai mazito. Ukiweka nukta-mkato mahali ambapo huna ushahidi, umesema jambo ambalo hulijui. Ukiwa na shaka, weka nukta.

Chini ya kila kiungo andika sanduku, jalada na ukurasa, kwa namna ambayo mtu mwingine akiagiza atapata karatasi ile ile. Halafu kabla ya kuchapisha picha ya barua yoyote, omba ruhusa mara mbili. Hifadhi inamiliki karatasi, lakini hakimiliki ya maneno kwa kawaida ni ya aliyeandika au warithi wake, hata kama barua ilitumwa kwa dalali na kukaa kwake miaka mingi. Kunukuu mistari michache kwa uchambuzi ni jambo jingine, na sheria za nchi nyingi zinaliruhusu.

Mwisho, tuma nakala ya mlolongo wako kwa makumbusho yanayoshikilia kazi na kwa hifadhi ulikosoma. Waambie ulipata nini na kwenye sanduku lipi.